Nyota za Aurélie

Benchi ya Mama Pascasie, muuza kahawa, huko Majengo imesimama juu ya mawe meusi ya volkano, na miguu yake haijawahi kukubaliana. Ukikaa vibaya, kahawa inakumwagikia. Bado wazee watatu huikalia kila Jumapili alasiri. Grégoire wanamwita Douane, yaani forodha, kwa sababu alikula miaka ishirini mpakani. Kambale, fundi wa simu, wanamwita Profeseri ingawa sekondari ilimshinda. Wa tatu ni Magloire, aliyekuwa na siber ndogo, chumba cha kompyuta za kukodi, kule Birere. Jumapili hii walikuwa wamerudia ubishi wao wa siku nyingi, na Magloire alikuwa anajuta kwa nini aliwahi kuwasimulia.

Ubishi ulimhusu Achille, mwalimu wa hesabu aliyekimbia vita Kibumba akafikia kambi ya Kanyaruchinya. Mke wake, Aurélie, alimfia njiani. Mwaka 2024, kila Jumapili, Achille alikuwa akitoka misa anashuka mpaka siber ya Magloire, anacheza mchezo mmoja wa mtandaoni ambamo kila mtu anaendesha chombo chake angani. Hakupenda kupigana. Alipenda kwenda mbali. Ukifika kwenye nyota ambayo hajafika mtu, jina lako linaandikwa juu yake na halifutwi tena. Lakini sharti kwanza urudi kituoni ukakabidhi habari zake. Ukiuawa kabla ya hapo, zote zinapotea. Na jina ambalo Achille alijiandikisha nalo lilikuwa la Aurélie.

Kwa miezi saba alikusanya nyota mia mbili na kumi na moja. Kilichobaki kilikuwa kufika kituoni tu, na hapo ndipo wanyang'anyi walipokuwa wanavizia. Hawakuwa mashine. Walikuwa watu, wamekaa kwao huko, wanaua kwa kujifurahisha. Kwa hiyo Achille alimwomba Magloire, mwenye chombo cha vita, amsindikize. Hata hivyo nyota zote zilipotea, na ubishi ulikuwa huo: kosa lilikuwa wapi.

— Kosa ni ya barrière, ya kizuizi, Douane akasema. Mutu akikusimamisha, unasimama, unamusalimia, unauliza habari ya bibi na batoto. Mugeni njoo, mwenyeji apone.

— Muzee, bale habaombi kitu, Magloire akasema. Banapiga tu.

— Bote banaomba kitu. Ni vile haukuuliza.

Profeseri akasema Achille angezima injini, chombo kipoe, maana macho ya wale watu huona joto. Magloire akakubali kwamba hilo lina ukweli kidogo. Ingekuwa heri asingekubali, kwa sababu Profeseri alipanda juu zaidi. Mwalimu angejibanza chini ya tumbo la chombo cha adui, ashike kama kupe, mpaka adui mwenyewe amfikishe kituoni.

— Mutaka cha uvunguni sharti ainame, akamalizia.

Kikombe cha pili kilipofika, Douane alikuwa ameshagundua kwamba wanyang'anyi wamewekwa na wenye mchezo ili nyota zisiishe. Profeseri naye aliona kosa ni la moshi wa Nyiragongo, ambao siku ile uliziba mtandao. Kisha akampiga Magloire begani.

— Lakini weye ulipigana. Hiyo batu bote banajua.

Magloire akatua kikombe chini. Ukweli alikuwa nao, tena ulikuwa mfupi, ila mwisho wake hakuwahi kumwambia mtu.

— Sikupigana, akasema.

Akawaeleza. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Achille: wakikuvuta kwa mtego wao usishindane nao, jiachilie, pita kando yao, kisha ruka uende nyota nyingine. Chombo cha Achille kilikuwa kizito, kilihitaji muda kama wa Baba Yetu moja kabla ya kuruka. Kazi ya Magloire ilikuwa kusimama katikati kwa muda huo tu. Alama mbili nyekundu za wanyang'anyi zikatokea. Pigo la kwanza likavunja ngao yake, na vidole vikabonyeza kabla akili haijasema. Akaruka peke yake.

Pale siber yeye na Achille walikuwa wamekaa kiti kwa kiti. Achille aligeuza shingo akaona kwenye skrini ya mwenzake nyota nyingine, imetulia. Skrini yake mwenyewe ilikuwa imeshakuwa nyeupe kwa mlipuko, kisha nyeusi.

— Kumbe umeshatoka, alisema.

Akavua vile vya masikioni, akaukunja waya vizuri, akamshukuru Magloire kwa kumsindikiza, akaenda zake. Magloire alitaka kumwambia pole, lakini mteja mmoja alikuwa anamwita kwenye mashine ya kuchapa. Akasema moyoni kwamba atamwambia Jumapili ijayo. Jumapili ijayo Achille hakuja, wala ile iliyofuata. Mwanzoni mwa 2025 vita vikaingia mjini, siber ikaporwa, kambi zikavunjwa, na watu wakatawanyika.

— Lakini ni mchezo tu, Douane akasema kwa sauti ya chini.

— Vyombo kama kile nilikuwa navyo vitatu, muzee. Kingevunjika, ningechukua kingine palepale. Nilikuwa nachunga nini?

Profeseri akainua kikombe chake, akanywa mpaka chini.

Pembeni alikuwa amesimama Ernestine, mama wa Butembo aliyehamia mtaa ule wiki hiyo. Alikuwa amekuja kujaza thermos yake, na katika mambo ya vyombo na nyota hakuwa ameelewa hata nusu.

— Na ule mwalimu, leo iko wapi?

Douane akasema pengine alirudi Kibumba, wengi walirudi huko. Profeseri akasema alisikia kwamba alivuka kwenda Uganda.

— Kibumba si hapo tu na pikipiki, Ernestine akasema. Nani kati yenu alienda kumutafuta?

Douane akageukia barabara. Profeseri akachungulia ndani ya kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu. Mama Pascasie akaanza kukusanya vikombe, na hakuna aliyemwambia kwamba bado wanakunywa.