Ushuhuda wa Nyonga

Ndani ya mtumbwi wa kwenda Lubunga, Sandrine alimweleza Agathe, abiria mwenzake, kwamba bintiye aliyeketi kando yake, aliyepasuliwa nyonga, sasa anatembea. "Dimanche, siku ya ibada, tunatoa ushuhuda kanisani. Docteur anasema turudi kupimwa kila mwaka, mais kurudi ni kukosa imani."

Agathe alijikanda paja. "Nami nilipasuliwa nyonga nikiwa mtoto, na mama yangu alisemaka vile vile, ma sœur. Nilicheza mbele ya kanisa, batu wakalia. Hatukurudi tena. Leo nyonga iko inaniuma hata nikilala."

"Labda imani yenu ilikuwa kidogo," Sandrine alisema kwa upole, kama anayetoa pole.

Mtumbwi uligusa mchanga. Mtoto wa Sandrine akaruka nje kwa miguu yote miwili.

"Unaona?" Sandrine aliuliza.

Agathe aliona. Naye aliwahi kuruka hivyo. Alishika ukingo wa mtumbwi, akitafuta mguu wa kusimamia.