Mustari wa Tano wa Papa Léopold Kasika

Ba Papa na ba Mama, ndugu wote mulioacha kazi zenu, mimi Hilaire, mudogo wa marehemu, njo familia imenichagua nisome, na haya yote niliyaona na macho yangu mawili, hata yale yaliyopita mbele nizaliwe, muniamini tu.

Papa Léopold Kasika alizaliwa Mushaki, tarehe 14 Machi 1962, asubuhi ya ukungu muzito hata muzalishaji alimuosha bila kumuona vizuri, mutoto wa walimaji wa maharagi, mujukuu wa muzee aliyepigwa fimbo wakati wa Wazungu, wakati kulikuwa tribunal mbili za kuhukumia watu, moja ya weupe yenye viti, na moja ya weusi yenye fimbo. Masomo ya primaire aliyafanya palepale Mushaki, 1968 mpaka 1974, secondaire akaisomea Sake, na mwandiko wake ulipita wa walimu, wangu ungeufuata kama ningeendelea na masomo.

Tarehe 3 Februari 1986 aliingia kazi ya karani mu tribunal moja ya kule juu ku vilima, akapewa kitabu cha zamani cha mashitaka, sababu kipya hakikukuja hata siku moja, na mu mustari wa tano wa kila ukurasa Wazungu walikuwa wameandika "rangi", kisha watu wetu wakaikwangua na wembe, wakaandika "kabila" juu yake, lakini ukiinua karatasi ku jua, neno la kwanza bado linakuangalia.

Tarehe 11 Mei 1989 walileta wanaume wawili, waliokamatwa wakishika kamba moja tupu ya ngombe aliyepotea, mumoja wa kilima chetu, wa pili muchungaji Ngabo, na Léopold hakumuuliza Ngabo kitu, alimuangalia urefu na pua, akajaza mustari wa tano: mugeni. Juge hakuinua kichwa, alisoma mustari ule tu, wa kwetu akaambiwa alete mbuzi na arudi nyumbani, Ngabo akapewa miaka sita, yeye ambaye babu yake amezikwa Mushaki. Kisha wiki tatu ngombe alirudi mwenyewe, na ndama nyuma yake, mimi nilimuona akipita mbele ya tribunal kama muntu anayekuja kutoa ushahidi, lakini walisema dosiye imeshafungwa.

Tangu siku ile Léopold aliacha mustari wa tano mutupu ku kila muntu, akaandika barua makumi tatu na moja kwa wakubwa kuombea Ngabo, na jibu likawa kumutupa huku Walikale, mwaka 1991, ndani ya pori. Huku njo alikutana na Mama Kavira Adrienne, mufanyabiashara wa Butembo, aliyekuja ku tribunal juu ya mashitaka ya gari yake, akachungulia kitabu, akamuchokoza:

"We karani, kila mara unaruka mustari mumoja, wino inakuishia ao ni woga?"

"Mama, ile wino nilishaimalizia yote ku muntu mumoja."

Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1992, wakabarikiwa watoto wawili, Esdras na Olga.

Ngabo alitoka mu 1995, miaka sita mizima, na tangu pale kila tarehe 11 Mei marehemu alipanda Mushaki kumuomba musamaha, na Ngabo alimupa kikombe cha maziwa, wakakaa wawili wakiangalia ukungu ukitembea ku majani, maziwa yanaisha, Ngabo hajasema neno, Léopold anashuka.

Ugonjwa wa sukari ulimushika 2021, ukamunyima miguu, na Mei ya mwaka huu 2023 alinituma mimi ku nafasi yake. Niliporudi aliniuliza, "Alisema nini?", nikamuambia, "Alisema: ule mustari nimeufuta." Tangu pale alilala vizuri, akaota ngombe wanapita mbele ya juge mumoja mumoja, juge anawauliza kabila, wao wanapumua tu, na kitabu kinajaa maziwa. Alituacha tarehe 9 Novemba, saa ine ya asubuhi, akitabasamu.

Tunashukuru waganga na ba infirmière waliomuosha vidonda, majirani waliopika, makarani wenzake waliobeba sanduku, na wote waliotembea, sababu barabara ya Mushaki imefungwa na vita na hatuwezi kumurudisha kwao.

Inabaki neno moja. Nilisema niliyaona yote, na niliyaona, lakini lile jibu la Ngabo nililitunga mimi, mu njia, nikishuka, sababu Ngabo alinipa maziwa tu. Sasa Papa Ngabo amefika leo asubuhi, kwa njia ambayo hatutaitaja, ni ule muzee wa kofia pale nyuma, na desturi yetu inasema mbele ya udongo, mwenye neno na marehemu alitoe. Papa Ngabo, karibia. Ndugu yangu Léopold, tulia kidogo tusikilize, kisha pumzika kwa amani.