Mayu Asteria, Aliyewaambia Wachimbaji Ukweli Kuhusu Mtindi

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni popote mnaponisikia. Kama uko jikoni, endelea na mapishi yako, ila sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetengeneza mtindi.

Jina lake Asteria. Majirani walimwita Mama Noela. Wachimbaji wa dhahabu kule Geita walimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Asteria alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Jumamosi tulimzika.

Alizaliwa kijiji cha jirani na Mwadui, nyumba ya wafugaji. Maziwa aliyajua kabla hajajua herufi. Aliolewa Kagongwa na Mayala, mkulima wa pamba, mtu mpole asiye na maneno mengi. Pamba ikawaangusha misimu mitatu mfululizo. Mwaka 2001 Mayala akasema, "Twende Geita." Wakaenda, na binti yao Noela, wakati huo darasa la kwanza, na ng'ombe wawili.

Mayala akapata kazi mwaloni, pale wanapoosha mchanga wa dhahabu na kuuchanganya na zebaki. Asteria akaanza mtindi.

Noela, ambaye sasa ni mwalimu hapa Shinyanga, alinieleza mama yake alivyoutengeneza. Alichemsha maziwa mpaka yapande, akayaepua. Akayaacha yapoe. Kipimo chake kilikuwa kidole safi: kikiweza kukaa ndani ukahesabu mpaka kumi bila kuungua, basi. Akaweka vijiko viwili vya mtindi wa jana, akakoroga taratibu, akafunika, akaizungushia sufuria blanketi. "Halafu hakuna kugusa mpaka asubuhi," Noela anasema. "Ukifunua kuchungulia, utamsikia."

Asubuhi mtindi ulikuwa umeshika, mzito, kijiko kinasimama. Asteria aliuza kwenye benchi lake kando ya njia ya mwaloni. Na benchi lilijaa. Lilijaa kwa sababu moja, wasikilizaji. Wachimbaji waliamini mtindi unaondoa sumu ya zebaki kifuani. Ukichoma dhahabu ili zebaki itoke, ukavuta ule mvuke, unakunywa kikombe, umesafishika. Ndivyo walivyoamini. Asteria naye aliamini. Kikombe cha kwanza cha kila asubuhi kilikuwa cha Mayala.

Miaka kumi na moja ikapita. Mikono ya Mayala ikaanza kutetemeka.

Mwanzoni walidhani ni uchovu. Kisha akawa hawezi kufunga vifungo vya shati. Mwaka 2012 Asteria na Noela wakampeleka hospitali. Daktari akauliza anafanya kazi gani. Akaambiwa. Akasema ni zebaki.

"Lakini anakunywa mtindi kila siku," Asteria akasema.

"Mama, mtindi ni chakula kizuri. Zebaki hauitoi. Mvuke ule akishauvuta, umeshaingia mwilini."

 Noela anasema walipofika nyumbani mama yake alikwenda kukamua ng'ombe kama kawaida. Akachemsha maziwa. Akakaa kwenye kigoda mbele ya ile sufuria mpaka ikapoa kabisa, akasahau hata kuweka vijiko vyake viwili. Alikuwa akiwaza wanaume wote aliowamiminia.

Siku mbili baadaye akatoa benchi. Wa kwanza kufika alikuwa Mwigulu, kijana mchomaji wa dhahabu.

"Mwangaluka, Mayu. Nipe changu. Jana nimechoma sana, kifua kizito."

"Mwangaluka, ngosha," Asteria akajibu, yaani habari za asubuhi, mwanaume. "Kama una njaa, nitakumiminia. Kama ni kwa ajili ya zebaki, usinywe. Hauitoi."

Mwigulu akacheka. "Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mimi ndiye nilikuwa sijui." Akageukia nyumbani. "Baba Noela, naomba uje."

Mayala akatoka. Asteria akamwambia anyooshe mikono. Akainyoosha mbele ya wanaume kama kumi na watano. Ikatetemeka. Akaiacha hivyo hivyo, macho chini, mpaka kila mmoja ameona.

"Huyu amekunywa mtindi wangu kabla yenu nyote," Asteria akasema. "Mtindi una kazi zake nyingi. Tusiusingizie kazi usiyoiweza."

Wasikilizaji wapendwa, nimefanya kazi ya redio miaka mingi. Nimewasikia watu wengi wakisifia wanachouza. Huyu alisimama mbele ya wateja wake, akawaambia sababu yao ya kuja haipo.

Benchi likabaki tupu. Wengine walinuna, wengine walisema analeta mkosi. Mtindi aliwagawia watoto wa jirani.

Mwezi wa pili tangu siku ile akaja mgeni. Alikuwa Philomena, mke wa Mwigulu, akiwa na mimba ya miezi sita. Maziwa mabichi na ya moto yalimjaza gesi tumboni, ila mtindi ulitulia. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia mtindi unampa protini na kalsiamu, na vijidudu vyake vyema vinasaidia tumbo. Akataka kujifunza kutengeneza mwenyewe. Asteria akamfundisha. Baada ya siku chache akaenda kumtembelea aone umeshikaje.

Ulikuwa umeshika vizuri sana. Asteria akauliza, "Sufuria hii mnapikia nini kingine?"

"Kila kitu, tunayo hii hii tu. Mume wangu huchomea dhahabu humo, nikishaiosha napika."

Asteria aliibeba sufuria, akatoka nayo nje, akachimba shimo kwa jembe, akamwaga mtindi wote na kuufukia. Ulikuwa mwaka wa ukame, maziwa adimu. Philomena alilia. Mwigulu akatoka ndani kwa hasira.

"Mayu, unamwaga chakula cha mke wangu?"

"Namwaga zebaki, ngosha. Mikono uliiona. Unataka mtoto azaliwe nayo?"

  Mwigulu akaingia ndani, akatoka na msumari na nyundo, akaitoboa ile sufuria matundu manne, ili asiwepo mtu wa kupikia humo tena.

Tangu siku ile Mwigulu hakuchomea tena nyumbani. Mtoto akazaliwa salama. Philomena akawaleta wanawake wenzake, watatu, kisha kumi. Asteria aliwafundisha mtindi bure kila Jumamosi, kwa sharti moja: kila mmoja awe na sufuria ya maziwa tu. Wake wakawabana waume. Uchomaji ukahama majikoni, ukapelekwa mbali na nyumba. Hakuna aliyetoa amri. Ilikuwa ni sufuria baada ya sufuria.

Mayala alifariki mwaka 2018. Mpaka mwisho, Asteria alimshikia kikombe.

Jumamosi makaburini Mwigulu aliomba kusema. Alisema, "Angenyamaza, angeuza. Mimi ningekunywa." Akakaa.

Kwako mwalimu Noela, na ndugu zako wa Mwadui, Kagongwa na Geita, poleni sana. Mungu awape nguvu na kumpumzisha mama yetu.

Nawe unayenisikiliza, jiulize usiku wa leo, usinijibu mimi: watu wanakuamini kwa jambo gani ambalo una hakika si kweli? Na kesho asubuhi wakija, utawaambia nini?