Aliyekaa Mgongoni mwa Sajini Onen

Kwaa. Ko. Kwaa. Ko.

Sikieni kwanza, wasikilizaji wapendwa. Msitazame chochote bado. Ni alasiri katika kambi ya polisi, hapa hapa Kampala. Aryemo yuko ndani, anasaga simsim ya kuuza soko la Nakasero. Pazia la mlango limeshushwa. Nje anasikia watu wawili wakija. Mmoja anaburuta ndala. Mwingine anamfuata, anagonga. Kwaa. Ko. Pazia linasogea. Anaingia mtu mmoja tu.

Alikuwa kaka yake, Sajini Bonny Onen. Ngumi yake ilikuwa imechubuka kwa kuegemea ukuta. Ndiyo iliyokuwa ikigonga. Aryemo aliiona kwa macho yake. Hata hivyo, tangu siku hiyo, kila Onen aliporudi nyumbani, masikio ya dada yake yalihesabu wawili.

Leo tunamkumbuka huyo Onen. Tulimzika wiki iliyopita, kwao Kitgum. Kilichomuua kilijificha kwenye uti wa mgongo. Narudia: uti wa mgongo.

Mliomjua mnakumbuka mabega yake. Wazazi walipofariki, alimlea Aryemo kwa mshahara wa konstebo. Mtu akihamisha kabati kambini, hakutafuta gari. Alimwita Onen. Onen alilibeba peke yake, akiimba, akidai alipwe soda.

Basi mwaka ule mvua ilinyesha hadi mtaro wa Nakivubo ukafurika. Maji yalipopungua, akaonekana mtu amekufa, amenasa kwenye matope. Machela haikuwepo. Polisi wenzake walitazamana. Onen alishuka mtaroni, akambeba maiti mgongoni kama unavyombeba mtoto, akapanda naye hadi barabarani. Bati lilimkata mguuni chini ya goti. Hakulijali.

Nyumbani alimwambia dada yake, "Unajua, yule mtu alikohoa."

"Nani alikohoa?"

"Yule. Nilipokuwa nampandisha, alikohoa maji shingoni mwangu. Maji ya moto. Nikamlaza chini haraka. Alikuwa baridi kama chuma."

Akacheka. Aryemo hakucheka.

Hakuna ndugu aliyekuja kumchukua marehemu yule. Jiji lilimzika bila jina.

Kidonda cha mguu kilipona. Mgongo ukaanza. Maumivu yalikaa sehemu moja tu, chini, usawa wa mkanda, pale ambapo uzito wa maiti ulikuwa umelala. Akipumzika, yalizidi. Akilala, yalizidi tena. Homa ilikuja na kuondoka kama mgeni mwenye ufunguo wake. Sare ikaanza kumpwaya.

Jirani yao Ayot, mke wa polisi mwenzake, alimtania, "Afande, yule abiria wako utamshusha lini?"

"Hajaniambia steji yake," Onen akajibu.

Watu walicheka, lakini waliacha kukaa nyuma yake.

Baba yao mdogo, Obura, alipiga simu kutoka Kitgum. Hakutania. "Huyo mtu hajashuka," alisema. "Tutamshusha. Ila tupatieni jina lake na ukoo wake. Bila jina hatuwezi kumwambia arudi kwao." Aryemo akaenda chumba cha maiti kuuliza. Wakampa namba. Jina hawakuwa nalo.

Ndipo Onen akakubali kwenda hospitali. Daktari Zuleika alishuka na ngumi yake polepole juu ya mgongo wa Onen, akigonga mfupa kwa mfupa. Usawa wa mkanda, Onen aliruka kitandani. Damu ikapimwa. Akaingizwa kwenye mashine ya MRI. Picha ikaonyesha ile pedi laini iliyo kati ya pingili mbili za kiuno. Ilikuwa imeliwa. Pingili zenyewe zilikuwa zimeanza kuliwa pembeni.

"Kuna maambukizi," daktari alisema. "Yanaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Yanaweza kuwa ugonjwa wa maziwa mabichi. Yanaweza kuwa bakteria wa usaha. Kila mmoja na dawa yake. Picha inanionyesha nyumba, hainiambii nani anakaa ndani. Nataka jina lake."

Aryemo akamkumbuka Obura. Huyu naye anataka jina.

"Nitamtoa kipande cha pale palipoliwa kwa sindano, maabara wakioteshe," daktari aliendelea. "Angekuwa amezidiwa, ningeanza dawa sasa hivi. Hajazidiwa. Basi asimeze antibiotiki yoyote kabla ya sindano. Bakteria akionjeshwa dawa kidogo, hafi. Anajificha, nasi hatumwoni."

Asimeze yoyote. Wasikilizaji wapendwa, jiwekeni mahali pa Aryemo. Mtu aliyekulea anatetemeka mbele yako, na daktari anasema subiri. Aryemo hakuweza. Alikwenda duka la dawa, akauziwa vidonge vyekundu na vyeusi bila hata kuulizwa vya nani. Akavifungua, akamimina unga wake kwenye uji wa kaka yake. Kila siku. Kwa upendo.

Sindano ikachomwa. Majibu yakaja: hakuna kilichoota. Sahani za maabara zilikuwa safi. Kambini habari ikaenea upesi kuliko homa. Mmeona? Hata mashine za wazungu hazimwoni!

Miguu ya Onen ikaanza kufa ganzi, akalazwa wodini.

Daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda, akijikuna kichwa, Aryemo alipoleta uji. Onen alionja, akakunja uso. "Banange, dada! Hii uji yako iko na nini siku hizi? Unataka kuniua unirithi redio?"

Daktari aligeuka. "Uji una nini?"

Aryemo akalia. Hakuhitaji kusema.

Dawa ikasimamishwa. Wakasubiri mwili ujisafishe. Homa ikapanda. Sindano ikarudiwa, damu ikachukuliwa tena, na safari hii kitu kikaota. Jina likapatikana: stafilokokasi, bakteria anayeishi kwenye ngozi za wengi wetu bila fujo. Aliingia kwa kile kidonda cha bati, akasafiri kwenye damu, akatua mgongoni.

"Kwa hiyo ni kweli," Aryemo alinong'ona. "Alitoka naye mtaroni."

Daktari akasema, "Ndiyo. Alitoka naye."

Dawa sahihi ilianza saa ile ile. Vidole vya miguu vikaanza kucheza, Onen akaomba soda. Lakini yule bakteria alikuwa ameshapanda hadi kwenye moyo. Moyo ule mkubwa ukasimama mchana, wodi ikiwa imejaa wageni.

Aryemo alimuuliza daktari, "Ni uji wangu?"

"Uji wako ulitunyang'anya muda," Zuleika alijibu. "Kama muda huo ungetosha, sijui. Sitakudanganya."

Kwa Aryemo, kwa mzee Obura, kwa jamaa wote wa kambini: poleni. Poleni sana. Studio hii inalia pamoja nanyi. Nanyi mnaouza vidonge kama karanga, nasema bila kuogopa: mnawaficha wauaji! Na wewe unayesikiliza huku umeshika kiuno, maumivu yasiyokubali kupumzika, yenye homa, usiyape jina wewe. Mpe daktari nafasi ayatafute.

Aryemo aliniruhusu niseme jambo moja zaidi. Baada ya mazishi, turubai likiwa bado halijakunjwa, Ayot alimvuta pembeni. Alikuwa anatokwa jasho. Aliongea chini chini.

"Aryemo, vile vidonge vya kaka yako... vimebaki? Mgongo wangu huu, tangu nimshike mkono siku ile wodini... naogopa kulala. Nimewahi kumsikia mtu akikohoa nyuma yangu."

Aryemo alitazama nyuma ya Ayot. Hakukuwa na mtu. Akamshika mikono yote miwili, akasema kwa sauti, waombolezaji wote wakageuka:

"Sikupi hata kimoja. Tukifika Kampala naenda nawe kwa Zuleika, na nitakaa kando ya kitanda chako, na hutameza kitu mpaka tumjue ni nani. Nakuahidi, Ayot. Hata ukinililia."