Binome Wangu na Wimbo wa Hesabu

Asifiwe Bwana aliyeniamsha, wapendwa! Nasema aliyeniamsha, na mama yangu aliyekaa pale mbele anacheka, kwa sababu anajua nilivyokuwa nalala.

Ndugu zangu, niliingia chuo cha maofisa wa jeshi hapa Bujumbura nikidhani kazi kubwa ni kukimbia. Kukimbia nilikuwa naweza. Lakini alfajiri ni mbio na gwaride, kisha unaingia darasani na matope kwenye buti, mwalimu anaandika hesabu ubaoni, na macho yanajifunga yenyewe. Nikafeli hesabu. Nikaambiwa nikifeli na marudio, narudishwa nyumbani. Na mama alikuwa ameshaanza kuniita Komanda mbele ya majirani wote wa Kibenga!

Pale chuoni kila kadeti ana binome, mwenzake aliyepangwa naye wawili wawili: kosa la mmoja ni adhabu ya wote. Wangu alikuwa Hamisi, mtoto wa wenye duka kule mtaa wa Asiatique, Mwislamu wa swala tano, mzito wa mbio lakini hesabu kwake ni kama kunywa maji. Kila nikisinzia, Hamisi naye aliruka kichurachura. Hakuwahi kuninunia. Moyo uliniuma sana, hata siku moja nikamwambia nitaomba kuacha chuo ili yeye apumzike.

“Apana,” akasema. “We ukienda, mi nitakuwa binome ya nani?”

Nililia, ndugu zangu! Nikamwomba Mungu anifumbue macho tu, mengine nitajitahidi. Kesho yake zamu ya kuongoza wimbo wa mbio ikamfikia Hamisi. Akiwa anahema, akaanza kuimba kanuni za hesabu, na sisi tunaitikia huku miguu inapiga chini. Sajini akatusimamisha. Nikajua tumekwisha. Akauliza huo ni wimbo gani, Hamisi akamjibu ni somo la hesabu. Sajini akafikiri kidogo, akaagiza turudie kwa sauti kubwa zaidi. Ukawa wimbo wetu wa kila asubuhi.

Siku ya mtihani kichwa kikawa cheupe. Nikaliita jina la Yesu. Mara buti zikaanza zenyewe chini ya meza, kushoto, kulia, na kanuni zikaja zimefuatana! Msimamizi akaniambia nitulize miguu. Nikatii, lakini wimbo ulikuwa umeshafika. Nilifaulu, na leo ni ofisa.

Hamisi yuko pale mstari wa nyuma, amekuja kunisikiliza. Msimkodolee macho, ana haya. Ndugu zangu, tangu utotoni nilifundishwa kwamba Yesu aliadhibiwa kwa makosa yasiyo yake. Niliamini, ila nilielewa siku nilipomwona Hamisi anaruka kwa ajili yangu. Wewe uliyechoka, mpe Yesu mkono wako. Yeye haombi kubadilishiwa binome.

Asante Mungu wangu, asante mama. Na wewe Hamisi, usitoroke ibada ikiisha. Mama amepika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na kwake sheria ni ile ile: akila mmoja, wanakula wote wawili.