Tusajigwe Anyelwisye Mwasandube, Aliyesomea Maumbo ya Maneno ya Kiarabu (1998–2025)

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu waombolezaji, mimi ni Jairo, baba mdogo wa Tusajigwe, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitajitahidi nifike mwisho.

Tusajigwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1998 hapa Kisondela, akiwa binti pekee wa kaka yangu, mzee wa kanisa Anyelwisye, na shemeji yangu Hellen. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 2006 hadi 2012, kisha sekondari Tukuyu, akahitimu kidato cha sita mwaka 2019.

Oktoba mwaka huo alichaguliwa kwenda chuo kikuu Zanzibar kusoma Kiswahili na Kiarabu, na hapo pakazuka mgogoro nyumbani, nao kaka ameniruhusu niuseme. Alimwuliza, "Mwanangu, unakwenda kusoma dini ya watu?" Naye akamjibu, "Hapana, baba, nakwenda kusoma maneno, hata msalaba tunaouimba kanisani ni neno la Kiarabu, limezaliwa pamoja na kusulubu, herufi zake ni zilezile, s, l na b." Kaka hakumsindikiza stendi, ila mahafali ya mwaka 2022 alisafiri mpaka Zanzibar, akamshika binti yake mkono mbele ya wahadhiri, akalia.

Tarehe 17 Desemba 2022 alifunga ndoa, kanisani Kawetele, na mwalimu Vicent Emiliani, mwenyeji wa Biharamulo, wakajaliwa mtoto mmoja, Tulia, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2024. Tusajigwe alifundisha Kiswahili kwa kujitolea katika sekondari moja huko Ikuti, hadi Oktoba 2023 alipopata ufadhili wa shahada ya uzamili, akatafiti jinsi herufi chache za asili katika Kiarabu zinavyozaa maneno mengi, na namna maneno hayo yalivyobadilika yalipoingia Kiswahili.

Februari 2025, akiandika sura ya mwisho ya tasnifu yake, alianza kutokwa damu puani na kuchoka isivyo kawaida, vipimo vya Mbeya vikaonyesha saratani ya damu, akahamishiwa Dar es Salaam. Wodini alikuwa akitamka, Vicent akichapa, wakaimaliza, naye akapangiwa kuitetea mwezi Julai. Kaka alikaa naye akimwuliza asili ya maneno ili asahau maumivu kidogo, na asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni, alimwuliza neno rehema, Tusajigwe akafumbua macho, midomo ikacheza bila sauti, ndipo baba yake akamjibia mwenyewe, "R, h na m, mama," naye akatabasamu, na saa nne akatutoka. Ndugu zangu, neno marehemu limetoka katika herufi hizo, maana yake aliyerehemewa, na leo ndilo tunalomwita yeye, mnisamehe, linanishinda kulitamka mbele ya jina lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya na Dar es Salaam, wahadhiri wake waliosafiri kutoka Zanzibar na kusimama nasi kaburini, walimu wa Ikuti, na ninyi majirani wa Kisondela ambao tangu Jumatatu hamjatuacha peke yetu.

Tusajigwe, mwanetu, pumzika kwa amani, Tulia tutamlea.