Mama Koroga Aiaga Maikrowevu ya Wodi ya Wazazi

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mhudumu wa jiko la wodi ya wazazi, Mama Koroga, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Tangazo lilipobandikwa tulipigwa na butwaa. Wengi tulidhani watu kama yeye hawastaafu.

Alianza kwa kuosha vyombo. Maikrowevu ilipoletwa, dereva wa gari la wagonjwa alikuwa akitoka mbio kila inapovuma, akiapa kwamba mionzi itamkausha damu. Mama alimweleza kwa upole kwamba mawimbi yale hutikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka yapate moto, na ukizima yamekwisha, kama taa. Hayabaki kwenye wali. Dereva alirudi, ila hadi leo husimama mlangoni.

Jina la Mama Koroga alilipata kwa sababu hakuruhusu bakuli litoke bila kukorogwa. Mawimbi yana upendeleo, alisema: huku yanaunguza, kule hayagusi. Tulimcheka sana.

Kicheko kilitukauka asubuhi moja. Baba mmoja, aliyepata mtoto wake wa kwanza, alipasha maziwa ya kichanga kwenye maikrowevu wakati Mama amepeleka chai wodini. Chupa ilikuwa vuguvugu tu mkononi, naye alishaielekeza mdomoni mwa mtoto. Mama aliingia, akaipokonya bila hata samahani, akajimiminia maziwa kwenye kifundo cha mkono. Lengelenge likatoka. Chumba kizima tulishika vichwa. Baba yule alikaa sakafuni akilia, na Mama, mkono ukiwa chini ya bomba, ndiye aliyembembeleza: "Nyamaza, mwanangu. Hajanywa." Kovu analo mpaka sasa.

Mshtuko wa pili tumeupata wiki hii. Mpishi ametuambia kwamba miaka yote hiyo Mama hula chakula chake kikiwa baridi, kwa kuwa akimaliza kutupashia sisi, vyombo vinamsubiri. Jamani! Tunakula naye chumba kimoja, na hakuna aliyeona. Mimi binafsi niliona haya hadi masikio yakawaka.

Basi jana tulimkalisha kwa nguvu, tukampashia wenyewe, dereva akibonyeza kitufe na kurudi mbio mlangoni. Mama akachota katikati ya bakuli, akaonja, akatutazama mmoja mmoja.

"Hamkukoroga," akasema. Kisha akala yote, baridi yake na moto wake.

Mama, asante kwa mkono ule. Tunakutakia maisha mema, na chakula cha moto mpaka katikati.